Nani Anahesabu Kura Zenu? Kutoka Philadelphia Hadi Dearborn

Alhamisi, 31 Oktoba 2024. Philadelphia

Sanduku la barua la binamu yangu halifungiki tena. Kila jioni anachomoa vipeperushi vya kampeni, anavitupa juu ya friji bila kuvisoma, na kabla hajakaa simu inaita: ujumbe wa kumtaka achangie dola kumi, mwingine wa kumkumbusha kituo chake, mwingine wa kumtisha kwamba nchi inapotea. Kwenye runinga matangazo ya Kamala Harris wa Democratic na Donald Trump wa Republican yanapokezana usiku kucha. Rais wao anachaguliwa na wajumbe wa majimbo, na karibu kila jimbo linampa wajumbe wake wote aliyeongoza humo. Pennsylvania ina kura 19 za wajumbe kati ya 538 za nchi nzima, na anayetaka urais anahitaji 270. Mwaka 2016 Trump alilichukua jimbo hili kwa tofauti ya kura kama 44,000, na 2020 Biden akalirudisha kwa kura kama 80,000. Kwa hiyo wagombea wamehamia hapa. Rafiki wa binamu yangu anaishi California, jimbo lenye wajumbe 54, na kwake hakuna aliyebisha hodi hata mara moja, maana ya kule yanajulikana zamani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Uraia kutoka Tanga. Nimekuja kuwaona ndugu, lakini nimejipangia kupita majimbo matatu wiki hii ya uchaguzi, na kila nitakayekaa naye nitamuuliza jambo moja: nani anahesabu kura zenu, na je, mnamwamini? Kwetu tunaelekea uchaguzi wa serikali za mitaa tarehe 27 Novemba. Tangu ule wa 2019, wagombea wengi wa upinzani walipoenguliwa na vyama vyao vikajitoa, swali hilo halinipi usingizi.

Asubuhi nilikwenda Independence Hall, mahali wajumbe 39 walipotia saini Katiba yao tarehe 17 Septemba 1787. Chumba ni kidogo kuliko nilivyodhani. Humo ndimo walimobishana jinsi ya kumpata rais. Wengine walitaka achaguliwe na Bunge, wengine achaguliwe na wananchi moja kwa moja, wakaishia kwenye wajumbe wa majimbo. Idadi ya wajumbe ilifuata idadi ya wabunge, na idadi ya wabunge ilitokana na hesabu ya watu iliyompa kila mtumwa thamani ya tatu ya tano ya mtu. Mtumwa hakupiga kura, ila mwili wake uliongeza uzito wa kura ya aliyemmiliki. Nilisimama pale nikiwaza babu zetu waliopitishwa Pangani na Bagamoyo, na hasira ikanipanda. Hesabu ile ya watumwa ilifutwa baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Wajumbe wamebaki mpaka leo.

Mchana shemeji yangu alinipeleka kwa kinyozi wake. Philadelphia imegawanywa sehemu ndogo za kupigia kura takriban 1,700, na vituo vinawekwa popote penye nafasi: makanisani, shuleni, kwenye majengo ya zimamoto, hata saluni. Kijana aliyekuwa kwenye kiti alisema atampigia Trump, kwa sababu kodi ya nyumba yake imepanda na mshahara haukupanda. Saluni nzima ikamrukia. Mzee mmoja akamwambia, "Kodi inapandishwa na mwenye nyumba wako, si na Kamala." Kijana akajibu, "Wakati wa Trump nilikuwa naweka akiba, sasa siweki." Hapo wazee walinyamaza kidogo, kwa sababu wote walijua bei ya mayai.

Nilipouliza swali langu, kinyozi alizima mashine. Akanieleza kwamba Pennsylvania kila kituo kina msimamizi anayeitwa jaji wa uchaguzi, na jaji huyo anachaguliwa kwa kura na majirani zake, pamoja na wakaguzi wawili. "Wa kwetu alimfundisha mama yangu Biblia. Ninamwamini kabisa." Juu yao jiji lina makamishna watatu wa uchaguzi, na sheria inahakikisha chama kilichozidiwa hakikosi kiti. Mwaka 2020 kamishna wa Republican alikuwa Al Schmidt. Rais wa chama chake mwenyewe alipodai Philadelphia imeiba, Schmidt alisimama akasema kura zimehesabiwa sawasawa. Alitishiwa maisha, yeye na familia yake. Leo ndiye waziri anayesimamia uchaguzi wa jimbo zima, na aliyemteua ni gavana wa chama pinzani, Josh Shapiro. Niliandika jina lake kwenye daftari na kulipigia mstari.

"Na kaunti nyingine?" nikamuuliza kinyozi. Akatikisa kichwa. "Huko milimani? Sijui wanafanya nini usiku."

Jioni ilikuwa Halloween. Watoto wenye vinyago walipita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende, wakipishana ngazini na vijana wa kampeni.

Ijumaa, 1 Novemba. Treni ya Pittsburgh

Treni ya Amtrak inakata jimbo zima kutoka mashariki hadi magharibi, zaidi ya saa saba. Lancaster tuliwaona Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa mila za kale, na mikokoteni yao ya farasi. Wengi wao hawapigi kura, na mwaka huu Warepublikani wamewabembeleza sana. Baada ya Harrisburg, makao makuu ya jimbo, tukavuka mto Susquehanna juu ya daraja la mawe la 1902, kisha milima ikaanza, majani mekundu na ya rangi ya kutu kila upande.

Jirani yangu kitini alikuwa mzee wa kutoka karibu na Altoona, fundi wa reli aliyestaafu, kofia nyekundu kichwani. Alinikaribisha karanga. Tulipofika Horseshoe Curve, kona kubwa ambapo reli ya 1854 inazunguka mlima ili treni iweze kupanda, aliniita dirishani anionyeshe kazi ya watu waliochimba kwa sururu. Alisema mji wake uliishi kwa karakana za reli, na karakana zilipopungua vijana wakaondoka. Wademokrati aliwapigia kura ujanani. Sasa anaona wamekuwa chama cha watu wenye shahada.

Kuhusu 2020 ana uhakika kwamba Philadelphia kulifanyika mchezo. Hoja yake ni moja: usiku Trump alikuwa anaongoza, siku zilizofuata uongozi ukayeyuka. Nilimweleza nilichosoma: sheria ya jimbo hili hairuhusu maofisa kuanza kuandaa kura za posta mpaka saa moja asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi, na mwaka ule wa korona walioomba kura za posta walikuwa wengi Wademokrati. Lazima zihesabiwe mwisho. Bunge la jimbo limeombwa mara nyingi kubadili sheria hiyo, na halijabadili. Akanisikiliza kwa adabu. "Labda. Lakini kwa nini hawabadili?"

Hilo ni swali la haki. Wanasiasa wa Harrisburg wameacha ufa wazi, na kila aliyeshindwa anaweza kutia humo tuhuma zake.

"Na kaunti yako, nani anahesabu?" Uso wake ukalainika. Kaunti yao inahesabu vizuri. Mmoja wa makarani anamjua kwa jina, wanasali kanisa moja. Nikamwambia kwamba kinyozi wa Philadelphia ameniambia maneno hayo hayo kuhusu msimamizi wake, na kwamba huyo kinyozi ndiye anayeitilia shaka kaunti yake. Mzee akakaa kimya mpaka tukapita handaki. Kisha akasema, "Mwambie aje aone." Hakuwa anatania.

Jumamosi, 2 Novemba. Braddock

Mwenyeji wangu Pittsburgh, muuguzi kutoka Nairobi, alinipeleka Braddock, mji mdogo kando ya mto Monongahela. Kiwanda cha chuma cha Edgar Thomson, kilichofunguliwa na Andrew Carnegie mwaka 1875, bado kinafuka moshi pale. Barabara kuu ina majengo mengi yaliyofungwa kwa mbao. Maktaba ya kwanza kati ya zile Carnegie alizojenga Marekani ipo hapa, ya mwaka 1889. John Fetterman, ambaye sasa ni seneta, alikuwa meya wa mji huu kwa miaka mingi.

Nchi nzima inajadili kiwanda hiki bila kukitaja, kwa sababu mwenye mali ni U.S. Steel, na mwishoni mwa 2023 kampuni ya Japani ya Nippon Steel ilikubaliana nao kuinunua kwa dola bilioni 14.9. Biden anapinga. Trump anapinga. Harris naye amesema kampuni ibaki ya Marekani. Uongozi wa kitaifa wa chama cha wafanyakazi wa chuma unapinga vilevile. Nilitarajia wafanyakazi wenyewe wangeshukuru kwa kutetewa.

Mkahawani nilikaa na mwanamume wa makamo aliyetoka zamu ya usiku. Anataka Wajapani wanunue. "Wameahidi kuweka fedha kwenye tanuru. Hawa wa kwetu wanasema tutakosa fedha za kukarabati. Wagombea wote wawili wanakuja hapa kunilinda, na hakuna aliyeniuliza." Nilimuuliza basi atampigia nani. Alisema bado hajaamua urais, ila kwa ubunge wa jimbo ameshaamua, kwa sababu mbunge yule aliwahi kumpokea ofisini wakati bima ya afya ya mkewe ilipokwama.

Mhudumu wa mkahawa, binti wa miaka ishirini na ushei, alisema hapigi kura kabisa. Kima cha chini cha mshahara Pennsylvania ni dola 7.25 kwa saa, kile kile cha shirikisho kilichowekwa 2009, na anayehudumia meza anaweza kulipwa chini ya hapo, mengine yatoke kwenye bakshishi. "Nilikuwa darasa la kwanza kilipowekwa." Wameshapita marais wa vyama vyote viwili, akasema. Mwenyeji wangu alijaribu kumshawishi kwa ukali wa dada mkubwa, akimkumbusha kwamba Kenya 2007 watu walikufa kwa ajili ya kura. Binti alijibu kwa upole kwamba anaheshimu hilo, lakini yeye ana zamu mbili siku ya Jumanne.

Nami nikaona ana hoja. Sheria ya mwaka 1845 iliweka uchaguzi Jumanne baada ya Jumatatu ya kwanza ya Novemba, wakati wakulima walihitaji siku ya kusafiri kwa farasi bila kuvunja Sabato. Wakulima wale wameshapita. Jumanne bado ni siku ya kazi. Kenya siku ya uchaguzi ni mapumziko, na kwetu Tanzania vivyo hivyo. Katika hili tumewatangulia.

Jumapili, 3 Novemba. Barabarani hadi Columbus

Usiku saa zilirudishwa nyuma kwa saa moja, kama wanavyofanya kila Novemba, na kituo cha basi kilikuwa na watu waliowahi bila kujua. Tulikata kipande cha West Virginia, tukavuka mto Ohio pale Wheeling, tukaingia Ohio.

Baada ya mpaka mabango yamebadilika. Urais hauzungumzwi sana, maana Trump alishinda hapa kwa pointi nane 2016 na tena 2020, na jimbo hili halihesabiwi tena kati ya yanayoshindaniwa. Kelele yote ni ya Seneti, Sherrod Brown dhidi ya Bernie Moreno, mojawapo ya kampeni ghali kuliko zote za Seneti katika historia yao. Na kuna Hoja ya 1, pendekezo linalopigiwa kura na wananchi, la kuwanyang'anya wanasiasa kazi ya kuchora mipaka ya majimbo ya ubunge na kuikabidhi kamati ya raia. Wanaoiunga mkono wanasema itakomesha uchoraji wa hila. Wanaoipinga nao wameweka mabango yanayosema ukipiga Hapana utakomesha uchoraji wa hila. Niliyaona ya pande zote mbili mtaa mmoja. Hilo limenikera kuliko tangazo lolote la urais, kwa sababu ni kumvuruga mpiga kura makusudi.

Jumatatu, 4 Novemba. Columbus

Siku hii nilikuwa nikiingojea. Mama yangu ni Mzigua wa Handeni. Nilisikia tangu Tanga kwamba Columbus wapo watu wanaozungumza Kizigua, na leo nimewapata, kupitia duka la vyakula vya Kiafrika upande wa kaskazini mwa jiji.

Historia yao ni hii. Katika karne ya 19 Wazigua wengi waliuzwa utumwani Somalia, wakatoroka na kuishi bonde la mto Juba, wakalinda lugha yao vizazi kwa vizazi. Vita vya Somalia vya 1991 viliwafukuza hadi kambi za Dadaab na Kakuma. Baadhi walirudi Handeni, Tanzania ikawapa ardhi Chogo na baadaye uraia. Wengine Marekani iliwachukua kuanzia 2003, pamoja na Wabantu wenzao wa Somalia, zaidi ya watu 12,000.

Mzee aliyenipokea ana umri wa baba yangu mdogo. Nilimwamkia shikamoo kwa Kiswahili, akaitikia, kisha akanijaribu kwa Kizigua. Nilipojibu alimwita mkewe jikoni kwa sauti ambayo jirani wameisikia. Tulikula ugali na samaki, na siasa zikaja baada ya chai.

Alikuja 2004. Uraia aliupata baada ya kushindwa mtihani mara ya kwanza, kwa sababu ya Kiingereza, na kurudia. Ofisa alimuuliza hadi maswali kumi kutoka orodha ya mia moja, naye alitakiwa apatie sita. Bado anayajua. Wabunge wangapi? 435. Maseneta? 100. Kwa nini bendera ina mistari kumi na tatu? Mjukuu wake aliyezaliwa hapa hakuweza kujibu nusu yake, na mzee hakulichukulia kuwa jambo la kuchekesha. "Waliozaliwa nayo hawaulizwi," alisema.

Amepiga kura mapema wiki iliyopita, kwa Harris, na sababu yake ina jina la mtu. Dada yake yupo Kakuma. Januari 2017, Trump alipozuia raia wa nchi saba, Somalia ikiwemo, faili la dada huyo lilisimama. Kiwango cha wakimbizi wa kupokelewa kikashushwa mwaka hadi mwaka mpaka 15,000, cha chini kabisa hadi wakati huo tangu mpango uanze. Biden alikipandisha hadi 125,000, na faili likaanza kusogea tena.

Lakini jirani yake, mchungaji Mkongo aliyelelewa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, haoni hivyo. Yeye bado hajapata uraia. Akiupata atawapigia Warepublikani kwa sababu ya mimba. Mwaka jana wananchi wa Ohio waliingiza haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo kwa takriban asilimia 57. Hilo linamuuma kweli. Mzee alimwambia, "Baba Mchungaji, hao unaowataka wasingekuleta hapa." Mchungaji akajibu, "Mungu ndiye aliyenileta." Walibishana kwa Kiswahili safi, cha Kigoma na cha Kakuma, kila mmoja akimmiminia mwenzake chai. Mimi nipo upande wa mzee, na nilisema hivyo. Mchungaji hakukasirika.

Nani anahesabu? Mzee anajua, kwa sababu binti yake amefanya kazi kituoni. Ohio ina kaunti 88, na bodi ya uchaguzi ya kila kaunti ina watu wanne, wawili wa kila chama. Chumba cha kura kina kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa Mdemokrati, mwingine kwa Mrepublikani, hakuna anayeingia peke yake. "Kungekuwa na kufuli mbili hizi Somalia, ningekuwa bado naishi kule," alisema, akimaanisha kwamba kule barabara na bunduki vilikuwa na mwenye navyo mmoja. Amehakiki kura yake kwenye mtandao: imepokelewa.

Jumanne, 5 Novemba. Dearborn

Mwanafunzi wangu wa zamani, mhandisi kwenye kiwanda cha magari, alinifuata Columbus alfajiri. Kwa saa tatu na nusu tulipanda kaskazini, tukapita Toledo, tukaingia Michigan. Kila baada ya kilomita chache tuliona mstari wa watu nje ya shule au kanisa.

Dearborn ni mji wa Ford, na pia mji wenye Waarabu wengi kuliko asili nyingine yoyote. Mke wa mwanafunzi wangu alizaliwa hapa, wazazi wake Wayemeni. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha Rouge zaidi ya miaka thelathini. Katika nyumba hiyo moja nimekuta kura tatu.

Baba mkwe, aliyekuwa Mdemokrati tangu alipopata uraia, amempigia Jill Stein wa chama cha Kijani, kwa ajili ya Gaza. Februari, kwenye kura ya mchujo, alikuwa mmoja wa zaidi ya watu 100,000 wa Michigan waliochagua neno "sijaamua" badala ya jina la Biden, wakitumaini watasikika. Alieleza hayo kwa sauti ya chini, akitazama meza. Ana ndugu wa rafiki zake waliokufa kusini mwa Lebanon mwezi uliopita. "Mabomu yana anwani ya kodi yangu." Kaka wa mke amempigia Trump, aliyekuja mjini hapa Ijumaa na kuahidi amani. Baba yake alimuuliza ikiwa amesahau 2017, Yemen nayo ilikuwa kwenye orodha ya nchi zilizozuiwa. Hakusahau, anasema angalau huyu alikuja, yule hakuja. Mke mwenyewe amempigia Harris, na alilia kituoni baada ya kupiga. Mwanafunzi wangu hana kura bado. Alikuwa akiwahudumia wote chakula.

Nimesikia nyumbani watu wakisema Waislamu wa Marekani wamefanya hivi au vile, kana kwamba ni mtu mmoja. Natamani wangekaa kwenye meza ile.

Mke alinionyesha stika aliyopewa baada ya kupiga kura. Hapa hakuna wino kidoleni. Mwaka huu jimbo liliitisha mashindano ya michoro, na mmoja wa washindi ni mtoto wa shule aliyechora mbwa mwitu anayejirarulia shati mbele ya bendera. Mji mzima unaipenda.

Hapa uchaguzi hauendeshwi hata na kaunti. Makarani wa miji na vitongoji ndio wanaoendesha, zaidi ya ofisi 1,500 ndani ya jimbo moja. Rafiki wa mke huyu anahesabu kura za posta. Wanaofanya kazi hiyo wanakula kiapo, na walioanza asubuhi hawaruhusiwi kutoka wala kuzungumza na walio nje mpaka vituo vifungwe saa mbili usiku. Wanatoka vyama vyote viwili. Baba mkwe, ambaye haamini tena Ikulu wala Bunge, nilipomuuliza kama anaiamini hesabu, alishangaa. "Binti wa jirani yangu yumo ndani. Kwa nini nisiiamini?"

Jumatano, 6 Novemba. Dearborn

Hakuna aliyelala sawasawa. Nchi hii haina tume ya taifa inayotangaza mshindi. Watu wanasubiri mashirika ya habari yapige hesabu za majimbo. Saa nane na dakika 24 usiku shirika la AP liliipa Pennsylvania kwa Trump. Saa kumi na moja na dakika 34 alfajiri likampa Wisconsin, akavuka 270. Michigan nayo ilimwendea. Mjini Dearborn Trump alipata kura nyingi kuliko Harris, na Stein alipata sehemu kubwa, mahali ambapo Biden aliongoza kwa mbali miaka minne iliyopita.

Kaka wa mke hakushangilia mbele ya dada yake. Alimchukulia watoto shuleni.

Kinyozi wa Philadelphia alimwambia shemeji yangu kwamba kijana yule wa kodi ya nyumba hajapita saluni leo, ila viti vilijaa. Hakuna aliyesema kura zimeibwa. Mchana Harris alikubali kushindwa, chuoni Howard, Washington. Mwenyeji wangu wa Pittsburgh aliniandikia kwamba hili la kukubali siku ya pili ndilo angependa lisafirishwe nje. Nakubaliana naye. Nami naongeza jambo ambalo yeye hakuliandika: miaka minne iliyopita halikufanyika, na tarehe 6 Januari 2021 watu walivamia Bunge. Wajumbe watakutana majimboni tarehe 17 Desemba, Bunge litahesabu kura zao tarehe 6 Januari, na safari hii Makamu wa Rais Harris ndiye atakayeongoza kikao cha kutangaza kushindwa kwake.

Hoja ya 1 ya Ohio imeanguka. Sherrod Brown pia.

Alhamisi, 7 Novemba. Dearborn

Asubuhi nilimpigia simu mzee wa Columbus. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Yeye alikuwa na orodha mkononi. Rais mpya ataapishwa tarehe 20 Januari, kwa hiyo kabla ya hapo dada yake anatakiwa awe amemaliza uchunguzi wa afya, maana matokeo yake yana muda wa mwisho, na cheti kimoja cha Kakuma kina jina lililoandikwa vibaya. Ofisi ya mbunge wao ina wafanyakazi ambao kazi yao ni kuwasaidia watu wa jimbo na mafaili yaliyokwama serikalini, awe amempigia kura mbunge huyo au hakumpigia. Mzee hakumpigia.

"Yupo mama mmoja pale anaijua namba ya faili letu kwa kichwa," aliniambia. "Wanafungua saa tatu. Mwalimu, wewe Kiingereza chako ni kizuri, hebu niandikie barua ya lile jina, nami binti ataichapa."

Tukaanza kuiandika kwenye simu, neno kwa neno, huku mkewe akimtajia herufi kwa Kizigua.